Viraka Vinane vya Siora Nives

Ukitaka kugombana na Nives Malfer, mwambie tu kwamba bawa moja lina kasi kuliko jingine. Utamkoma. Atakushika mkono akupeleke hadi stoo ya klabu yetu ya ziwani hapa Torbole, atandaze mabawa yote manane sakafuni, akupe futi ya kushonea na kukwambia, "Pima. Pima mwenyewe mpaka uchoke." Nimeona wanaume wazima wenye ndevu zao wakitambaa kwa magoti na futi mkononi, jasho linawatoka, na yeye kasimama mlangoni mikono kiunoni akiwahesabia sentimita.

Ana miaka sitini na miwili, ni mfupi, na mdomo wake hauna breki. Vijana wote humwita Siora Nives, yaani Bibi Nives, hata wale ambao ameshawafukuza stoo kwa ufagio. Kazi yake ni kulinda usawa, na sijui kama kuna mtu mwingine duniani anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, unasimama juu ya ubao wenye mguu mrefu uliozama majini, mguu huo una mapezi kwa chini, na mikononi umeshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa kwa pampu. Upepo ukikolea, ubao unanyanyuka na wewe unapaa juu ya ziwa, maji yako chini huko hayakuhusu. Kuna maboya mawili. Atakayeyazunguka na kurudi wa kwanza ndiye mshindi.

Sasa kwingine kila mtu huja na vyake, na mwenye baba tajiri huja na vizuri zaidi. Kwetu hapana. Klabu ina mbao nane, miguu minane na mabawa manane, vyote vya kiwanda kimoja na saizi moja. Nives anajaza hewa mwenyewe, kipimo kilekile, hakizidi hata punje. Halafu namba zinatiwa kwenye sufuria la shaba la kusongea polenta, ugali wetu wa huku, kila mtu anachovya mkono na kuchukua yake. Na mbio moja ikiisha, mnabadilishana, aliyekuwa na bawa la kwanza anachukua la pili, wa pili la tatu, mpaka mzunguko uishe. Ukishindwa hapo, huna wa kumlaumu ila mama yako aliyekuzaa mzito.

Mwaka juzi Nives alimkamata daktari mmoja wa meno akipaka mapezi yake nta ya gari nyuma ya choo. Alimwosha yale mapezi mbele za watu kwa sabuni ya vyombo, kisha akamwosha na yeye kwa maneno. Daktari wa watu mpaka leo akimwona Nives kwa mbali anavuka barabara.

Ukali huo haukutoka hewani. Nives aliingia karakana ya matanga akiwa na miaka kumi na mitano, kwa fundi mzee aliyeitwa Fedele. Zama hizo ziwa lilikuwa la wageni wenye mashua, wa Milano na wa Munich, na kila mmoja alikuja na siri yake. Huyu ananong'ona, "Binti, niongezee vidole viwili huku juu, wasijue." Yule anataka kitambaa kilichotoka ng'ambo wiki iliyopita. Nives akashona. Alishona ushindi wa watu miaka arobaini, na Jumapili alikaa ukutani na kaka yake Silvano akiwatazama wakipokea vikombe.

Silvano ndiye aliyekuwa akimuuma. Kaka yake huyo alimzidi miaka miwili, na alilijua ziwa hili kwa harufu. Lakini alikuwa na tanga moja tu, kuukuu, mkono wa tatu, ambalo Nives alikuwa analiziba kwa vipande vilivyobaki karakana. Alishindana miaka ishirini na mbili. Alimaliza wa nne. Si mara moja, karibu kila mara. Mji mzima ukamwita Silvano wa Nne, na mwenyewe akazoea, akawa anaitikia. Nives ndiye aliyekataa kuzoea.

"Ungekuwa na tanga kama lao," alikuwa akimwambia.

"Ningekuwa na tanga kama lao ningekuwa na tumbo kama lao," Silvano anajibu, anacheka. Lakini dada yake alikuwa anamwona anavyolitazama lile tanga kabla ya kuingia majini. Alikuwa ameshashindwa angali nchi kavu.

Kwa hiyo klabu ilipoleta yale mabawa manane yanayofanana, Nives alilia. Alijifungia chumba chake cha cherehani, kile cha dirisha linalotazama ziwa, akalia kwa furaha mpaka akachelewa kupika. Na Silvano, wakati huo miaka hamsini na minane, dereva wa boti ya uokoaji, akaanza kujifunza kupaa. Mwezi mzima alikuwa anazama tu, wenzake wa kwenye boti wanamwokoa yeye. Mwezi wa pili akapaa mita kumi, akapiga ukelele uliosikika hadi kanisani.

Basi, mwezi wa sita mwaka jana, bawa namba tatu likachanika.

Ni Ermes aliyelichana. Ermes ni mtoto wa mwenye hoteli ile yenye bwawa, ana miaka ishirini na saba, na nisimnyime haki yake, kijana anajua kupaa. Ndiye bingwa wetu. Ila siku hiyo alitoka majini, akaliacha bawa nyasini bila kulifunga na ubao, akaenda kujipiga picha. Ora ikalichukua. Ora ndio upepo wetu wa mchana, huamka saa saba na haina adabu. Ikalibeba bawa mpaka kwenye uzio wa waridi la rais wa klabu, chwaa! Mpasuko wa urefu wa mkono.

Nives akalishona. Kiraka cha kitambaa kilekile, mishono miwili, mbele na nyuma, safi hata ukikipitishia ulimi husikii ukingo. Wiki iliyofuata Ermes akalipata namba tatu katika mzunguko, akamaliza wa tano.

"Kiraka kinavuta," akasema. "Nimesikia mkononi. Bawa zito hilo."

"Kichwa chako ndicho kizito," Nives akamjibu. "Nani aliliacha nyasini?"

Nyani haoni kundule. Na neno la bingwa ni kama moshi, likishatoka halirudi. Kufika mwezi wa nane kila aliyechovya mkono sufuriani akatoka na namba tatu alikuwa anaguna, anaonyesha pembe kwa vidole viwili kufukuza nuksi, mwingine anakimbia kugusa chuma cha ngazi. Halafu anaingia majini shingo upande na kumaliza wa mwisho. "Mmeona?" wanasema. Nives anasaga meno tu.

Jambo likafika kikaoni. Rais wetu, Gualtiero, ni mtu mpole asiyependa kelele, na kwa sababu hiyo kila kelele humshinda. Ermes akasimama akasema vifaa si sawa tena, na kama si sawa, ubingwa wa nini? Mabawa yakichanika yapelekwe kiwandani yashonwe kwa mashine zao. Na chumba cha cherehani, akaongeza, kina dirisha zuri, kingefaa kuwa baa.

Watu wakalipenda lile wazo la baa. Nives akawaona wakilipenda. Wale wale ambao amewazibia matanga yao, suruali zao, hata hema la arusi ya mtu.

Akasimama. 

"Ermes, unasema umesikia mkononi. Vizuri. Fainali ni mbio nane, watu wanane, mabawa manane. Kila mtu atashika kila bawa. Ukimaliza, nionyeshe lililochanika. Ukilipata, nakupa ufunguo wa chumba na nakumiminia bia ya kwanza mwenyewe. Ukilikosa, nisisikie tena neno kiraka maisha yangu yote."

"Siora Nives, si lina kiraka hilo? Nitakuwa kipofu?"

"Wewe njoo tu," akasema, akakaa.

Wiki ya fainali ikanyesha siku mbili mfululizo. Cherehani ya Nives haikunyamaza. Silvano alipompelekea nyama ya chumvi na maharagwe alimkuta katikati ya mabawa, sindano mdomoni, dole gumba limevimba.

"Unafanya nini, Nives?"

"Sheria inasema vyote viwe sawa," akajibu kwa pembe ya mdomo. "Moja likiwa na kiraka, yote yawe na kiraka."

Alishona viraka saba zaidi, vikawa vinane, mahali pamoja, saizi moja, uzi mmoja, mbele na nyuma. Kisha akabandua namba zote, akayachanganya mabawa na kubandika namba upya. Lile lililochanika likawa namba tano. Akaandika hiyo tano kwenye kikaratasi, akakikunja mara nne, akampa paroko wetu, Don Remigio, akitunze mfukoni mwa kanzu.

"Hii ni kamari?" Don Remigio akauliza.

"Ni haki, Padri."

"Haki ni nzito kuliko kamari," akasema paroko, lakini akakitia mfukoni upesi, maana udaku anaupenda kuliko sisi.

Usiku wa kuamkia fainali Nives aliogopa, nami sitamsingizia ushujaa. Mkono wake haukuwa ule wa zamani. Je, kama kweli kinavuta? Je, kama miaka arobaini na sita ya sindano imeishia kwenye kiraka kimoja kinachoharibu usawa alioulilia? Kukosa chumba kungeuma, lakini hilo lingeuma zaidi.

Jumapili jua likatoka. Yule daktari wa meno, aliyekuwa wa nane kwenye orodha, akapiga simu kwamba binamu yake anaoa Verona. Akaingizwa mtu wa akiba. Mtu wa akiba alikuwa Silvano, wa tisa.

"Babu, umeleta fimbo?" Ermes akamtania wakiwa wanachovya sufuriani.

"Nimeleta nepi, nikusaidie ukijikojolea," Silvano akajibu. Ufuko mzima ukacheka, Ermes naye.

Walipoona viraka vinane, kicheko kikabadilika kikawa mnong'ono. Ermes alizunguka mabawa yote mara mbili, akayapapasa, akayainua juani. Kisha akamtazama Nives. Nives akamtabasamia kama bibi harusi.

Ermes akachukua namba nne. Silvano namba nane. Aliyetoka na namba tatu akaonyesha pembe kwa vidole, mazoea hayo, akasahau kwamba namba zimehamishwa. Ora ikaamka kwa wakati, ziwa likajaa meno meupe, wakaondoka.

Mbio ya kwanza Ermes akashinda. Wakabadilishana mabawa. Sasa ameshika namba tano, na Nives alikuwa ukutani kando ya Gualtiero, vidole vimeng'ang'ania jiwe. Ermes akanyanyuka. Akazunguka boya la kwanza akiwa wa pili, la pili akiwa wa kwanza, akapita mstari peke yake, wenzake wako nyuma wanahangaika. Alirusha ngumi juu na lile bawa mkononi mwingine, kiraka kinang'aa juani.

"Unacheka nini?" Gualtiero akamuuliza Nives.

"Nacheka? Jua limenipiga machoni."

Mbio ya tatu, ya nne, ya tano. Ermes akashinda mbili hapo. Silvano alikuwa wa nne, wa tano, wa nne, wa nne, wa sita. Mji wote ulikuwa ukutani unaimba "Nne! Nne!" na mzee anawapungia kila akipita, anafurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Ikafika ya sita. Silvano akapewa bawa namba tano.

Alimwona kaka yake akilishika bila kulitazama. Miaka ishirini na mbili alikuwa anatazama tanga lake kabla ya kuingia majini, na leo macho yako ziwani tu, kule chini ya jabali ambako Ora, saa kumi hivi, hupinda na kuongezeka. Wazee tu ndio wanaojua. Wengine wote wakaenda katikati. Silvano akaenda jabalini peke yake.

"Anakwenda wapi huyo?" Gualtiero akauliza. "Amepotea?"

"Nyamaza," Nives akamwambia rais wa klabu.

Upepo ukamkuta hapo. Ukamwinua, ukamtupa mbele, akafika boya la kwanza akiwa mbele ya wote kwa mita hamsini. Ermes, aliyekuwa na namba moja, akashtuka, akamfukuza. Kijana ana miguu, ana mapafu, mita zikapungua, arobaini, ishirini, kumi. Kwenye boya la pili akataka kukata ndani, pembamba mno, mguu wa ubao ukatoka majini, na bingwa wetu akaenda kichwa mbele, bawa juu yake kama mwavuli uliogeuzwa. Silvano wala hakugeuka. Alipita mstari akiwa wa kwanza.

Hatukuwa tumejiandaa kwa hilo. Halafu kengele ya boti ikapigwa, na ufuko ukalipuka. Nives alikuwa anaruka juu ya ukuta, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, kiatu kimoja kimeanguka ziwani, anapiga mayowe, "Kaka yangu! Yule ni kaka yangu!" kana kwamba kuna mtu Torbole asiyejua.

Mbio mbili zilizobaki Silvano alikuwa wa tano na wa saba, miguu imekwisha. Jumla ikahesabiwa. Ermes bingwa. Silvano wa nne.

"Nne!" akapiga kelele mwenyewe, akipiga paja. "Nimemuoa huyu mwanamke, haniachi!" Tukacheka mpaka tukashikana.

Ikabaki ahadi. Mabawa manane yalilazwa nyasini, watu wakazunguka duara, na Ermes akapita mbele yake, mikono nyuma. Nives alisimama kiatu kimoja mguuni. Sasa hakukuwa na utani usoni mwake. Ermes hakusita sana.

"Hili," akasema, akagusa namba moja. "Hili lilinivuta kwenye boya. Nililisikia kabisa."

Don Remigio akatoa kikaratasi, akakifungua mara nne, akavaa miwani taratibu kuliko ilivyohitajika. Akatazama karatasi. Akamtazama Ermes kwa huruma.

"Hapana, mwanangu."

"Basi ni lipi?"

"Mimi kazi yangu kutunza siri," akasema paroko, akakichana kikaratasi vipande, akavitumbukiza kwenye kikombe cha kahawa na kuvikoroga. "Hii ni ya kwanza ya kufurahisha niliyopata mwaka huu."

Ermes masikio yakawa mekundu. Kisha akacheka, na ndiyo maana nasema si kijana mbaya. Akaenda hadi kwa Nives, akainama, akambusu mkono, kwenye lile dole gumba lililovimba.

"Siora Nives, nimeshindwa. Lakini kile kidirisha kingefaa baa kweli."

"Njoo na bia yako, ukae kwenye kigoda, ukunje mabawa," Nives akamjibu. "Hiyo ndiyo baa." Na tangu siku hiyo chumba kile kina wateja kila jioni, na bia huletwa na mwenye kuomba kushonewa.

Watu walipotawanyika, ndugu wawili walibaki nyasini wanatoa hewa kwenye mabawa. Silvano alilifikia namba tano, akalifungua kizibo, likapumua taratibu likalala.

"Silvano," Nives akasema. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni toka saa kumi. Alitaka kumwambia kwamba ni hilo, lile lililochanika, lile waliloliogopa msimu mzima, ndilo lililompa ushindi wa kwanza wa maisha yake. "Unajua lililokuwa na mpasuko..."

Silvano akainua mkono.

"Usiniambie."

"Lakini ungejua..."

"Nives. Maisha yangu yote nilikuwa najua nimeshika tanga gani." Akalikunja bawa, mara ya kwanza, mara ya pili, akalipangusa maji kwa kiganja. "Leo sikujua. Niachie hivyo hivyo."

Nives akaufunga mdomo wake, mdomo ambao haujawahi kufungika. Akashika upande wa pili wa bawa, wakalikunja pamoja, wakaliweka juu ya mengine saba.